Mishale Iliyoelekea Patupu

Sajini Percy Mobbs alifuta viatu mara tatu kwenye gunia la mlangoni kabla ya kuingia kituo cha polisi cha Dunmarket. Kwanza soli, kisha visigino, kisha ncha. Inspekta Amos Thirkettle alimtazama kupitia dirishani na kumsubiri akiwa ameketi, maana mvua ya Septemba ilikuwa imeliamsha goti lake la kushoto, na goti hilo halikuwa na adabu mbele ya mgeni yeyote.

"Nimekuja kuuliza kama ameungama," Mobbs alisema.

"Kaa kwanza, Percy."

"Nimekaa siku tano. Ameungama au hajaungama?"

"Bado."

"Basi niachieni mimi. Nyinyi nendeni mkanywe chai. Mkirudi mtakuta ameungama hata dhambi za babu yake."

Thirkettle alimsogezea kiti. Mobbs hakukikalia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, sare yake ya jeshi la anga imepigwa pasi kama ya siku ya gwaride. Juzi alikuwa amemzika Ivy, binti yake wa pekee, na hakuna aliyemwona akilia. Thirkettle alikuwa amepeleka habari za misiba milangoni kwa watu kwa miaka thelathini, na kutolia kwa namna hiyo hakukupenda hata kidogo.

"Mimi ndiye niliyemfungulia geti," Mobbs alisema. "Tarehe ishirini Agosti. Saa yetu ya kibandani ilisimama, nikasikia kuna mzee mkimbizi kutoka Vienna, fundi hodari. Nikampigia simu mwenyewe. Nikamfungulia kwa mkono huu. Akakaa asubuhi nzima, akanywa chai yangu."

"Alitembea uwanjani?"

"Uwanjani hatembei mtu." Mobbs alijibu upesi, kama aliyeulizwa iwapo watu huingia kanisani na mbwa. "Alipita ukingoni, kando ya ua wa miti, kama tunavyopita wote. Lakini macho si anayo?"

"Na ndege mlizihamisha kila siku?"

"Kila asubuhi, saa tatu. Amri inasema zihamishwe, zinahamishwa. Kitabu unacho hapo mezani. Hata Jumamosi tulizihamisha, siku ya pili baada ya..." Akaivaa kofia yake. "Mnamchukua lini kwenda London?"

"Leo. Gari linaondoka saa kumi jioni."

"Vizuri," alisema Mobbs, akatoka. Thirkettle alimwona akivuka ua wa kituo kwa kuzunguka ukingoni, ingawa katikati palikuwa wazi na mvua ilikuwa inanyesha.

Kitabu cha Mobbs kilikuwa hakina kosa. Thirkettle alikuwa amekipekua mara nne, akafika hata kulinganisha wino wa siku moja na wa siku nyingine. Mtu yule alikuwa hajui kusema uongo. Kabla ya vita alitunza nyasi za uwanja wa kriketi wa mkoa kwa miaka ishirini na miwili, na siku moja, timu ya polisi ilipokwenda kucheza pale, alimvua Thirkettle viatu mbele ya hadhara kwa sababu soli zake zilikuwa na misumari. Thirkettle alicheza mchana kutwa kwa soksi. Watu wa Dunmarket walikuwa hawajamaliza kumcheka.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache, na yote mabaya. Ijumaa iliyopita, tarehe sita, saa tano asubuhi, ndege kumi na moja za Wajerumani za kudondosha mabomu zilipita juu ya Sallow Fen, ambako ndege kumi na mbili za kivita zilikuwa zimeegeshwa peupe. Hawakudondosha kitu. Waliendelea maili sita zaidi, wakamwaga mzigo wote juu ya uwanja wa Wexmere. Watu thelathini na mmoja walikufa, tisa kati yao wasichana wa chumba cha simu. Ivy Mobbs, miaka kumi na tisa, alikuwa mmoja wao.

Sallow Fen haukuwa uwanja wa kweli. Ndege zake zilikuwa za mbao na turubai, zimetengenezwa ili adui azione na amalize mabomu yake pale. Mobbs na vijana wake ishirini waliishi kule kwa kazi hiyo moja tu, kupigwa mabomu badala ya wengine. Ijumaa ile hawakupigwa. Na ndege moja ya Kijerumani iliyoangushwa ilipochimbuliwa kwenye shamba la viazi sukari, ndani yake mlikuwa na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba picha za angani. Juu ya picha ya Sallow Fen mtu alikuwa ameandika kwa penseli kwamba uwanja huo ni bandia.

Swali likawa, nani aliwaambia.

Ottokar Feigl, yule fundi saa wa Vienna, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha selo, koti halina mshipi, viatu havina kamba. Alikuwa na miaka sitini na sita. Wakimbizi wenzake wengi walikuwa wamefungiwa makambini tangu Juni. Yeye aliachwa kwa sababu ya umri na mapafu.

"Saa yenu ya ukutani hapo nje inachelewa dakika nne," Feigl alisema mara Thirkettle alipoingia. "Usiku kucha inanisumbua."

"Bwana Feigl, leo si siku ya saa."

"Najua. Wamenieleza. Nilimkimbia Mjerumani asininyonge kwa kuwa ni Myahudi. Sasa Mwingereza ataninyonga kwa kuwa ni Mjerumani. Mke wangu, Mungu amrehemu, angesema nina bahati ya kupendwa na wengi."

Thirkettle aliweka daftari la michoro juu ya blanketi, akalifungua. Mchoro ulikuwa mzuri, na ubaya wake ulikuwa hapo. Kinu cha upepo, barabara, ua wa miti, na nyuma yake ndege mbili na watu wanne.

"Ulichora lini?"

"Siku ile ile ya saa. Nilikuwa kibandani, dirisha likiwa wazi. Nilikuwa nasubiri gundi ikauke."

"Na ulijua kwamba ndege hizi ni za mbao."

"Inspekta, mtu huyu hapa amebeba mkia wa ndege begani, na mkono wa pili ameshika sigara. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ulimwambia nani?"

"Paka wa mwenye nyumba. Nimwambie nani? Muuza maziwa wenu anapaita pale kwa seremala. Kijiji kizima kinajua."

Hilo Thirkettle alikuwa amelithibitisha, na lilikuwa limemharibia usingizi. Alikuwa amehoji watu arobaini na watatu. Arobaini na mmoja walijua. Wawili waliobaki alihisi wanadanganya.

"Kijiji hakiandiki barua Zurich," alisema. "Wewe unaandika. Saba tangu Juni."

"Kwa dada yangu. Ana kisukari. Zimesomwa na watu wenu kabla ya kusomwa na yeye."

"Meja Pym anasema ile habari ya dawa ni lugha ya siri."

"Laiti," alisema Feigl. "Laiti ingekuwa lugha ya siri, angekuwa hana kisukari."

Thirkettle akaurudia mchoro. Chini ya magurudumu ya ndege kulikuwa na mistari minyoofu, miwili miwili.

"Hivi ni nini? Reli?"

"Mbao ndefu. Wanazitandika, ndege inapita juu, wanaziokota. Wanatandika tena mbele. Kazi ya kuchosha."

"Kwa nini?"

"Sikuuliza. Nachora ninachokiona. Katika nchi ya watu mgeni hujifunza kutouliza kwa nini." Akamtazama Thirkettle usoni. "Kule London watanisikiliza?"

Thirkettle alijua jibu. Kesi za namna ile zilisikilizwa kwa milango iliyofungwa, chini ya sheria mpya yenye adhabu moja tu. Alimwambia ale chakula chake cha mchana kabla hakijapoa, akatoka, na pale ukumbini akasimama kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imechelewa dakika nne kweli.

Meja Pym wa usalama wa jeshi alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha Thirkettle. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyehudhuria mazishi mengi katika wiki moja na kupigiwa simu na wakubwa kila siku ya wiki hiyo, na alitaka jina la kuwapa. Kwenye kona, akiwa amelowa, alisimama msichana mwenye sare ya kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, bahasha kubwa kwapani.

"Huyu ndiye uliyemwita?" Pym aliuliza. "Nilidhani utaleta mtaalamu."

"Bi Coyle husoma picha za viwanja vya Wajerumani," Thirkettle alisema. "Nikaona anaweza kutusomea na za kwetu."

"Lettice Coyle, Afande," alisema msichana. "Kazi yangu ni ile ile ya huyo bwana mwenye penseli, ila mimi niko upande huu."

"Na kabla ya vita?"

"Nilikuwa natafuta mahame ya Warumi, kwa picha za angani. Nyasi hazisahau, Afande. Ukizikanyaga, zinalala upande mwingine na mwanga unaziangukia vingine. Ukitazama chini hujui kitu. Ukiwa juu futi elfu ishirini unaona kila kitu."

Pym alitoa pumzi puani. Coyle hakujali. Alipanga mezani picha tatu zilizotoka kwenye ule mkoba wa ngozi na kutoa kioo cha kukuzia. Mbili zilikuwa za Sallow Fen, moja ya tarehe kumi na moja Agosti, nyingine ya tarehe thelathini. Ya tatu ilikuwa ya Wexmere.

"Anza na Wexmere, Inspekta. Unaona nini?"

Thirkettle aliinama. Uwanja ulikuwa umejaa michirizi myeupe, kama ukuta aliochora mtoto.

"Fujo."

"Hiyo ndiyo anayoipenda yule bwana wa penseli. Hizi ni alama za magurudumu. Hapa ndege zinageuka, hapa lori la mafuta linapita kila siku. Na mstari huu mwembamba unaokata kona, kutoka kwenye karakana hadi jengo hili? Watu kwa miguu, wanakimbilia chakula. Hapo pana uhai." Akasogeza kioo. "Sasa Sallow Fen."

Palikuwa safi. Ndege kumi na mbili, kila moja na kivuli chake, zimetawanyika vizuri.

"Zimehamishwa," Thirkettle alisema, akilinganisha picha mbili. "Kati ya kumi na moja na thelathini zote zimebadili mahali."

"Zote. Sasa niambie zilipitia wapi."

Thirkettle alitafuta. Alitafuta mpaka jicho likamtoka machozi. Kati ya mahali pa zamani na mahali papya hapakuwa na mstari hata mmoja.

Hapo ndipo aliielewa ile mishale. Kwenye picha ya tarehe thelathini, pamoja na maandishi, penseli ilikuwa imechora mishale tisa midogo, na yote ilielekea kwenye nyasi tupu. Siku tatu zilizopita Thirkettle alikuwa amemuuliza Pym maana yake, na Pym akasema jamaa alikuwa anajaribu penseli.

"Inaonyesha pasipo na kitu," alisema taratibu.

"Na palipopaswa kuwa na kitu," Coyle alisema. "Alikuwa anamwonyesha mkubwa wake. Tazama hapa, hakuna gurudumu. Tazama hapa, hakuna unyayo. Ndege kumi na mbili za kivita na hakuna anayekwenda kula. Mimi ningepagundua kabla chai haijapoa, na yeye si mjinga kuliko mimi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu."

Pym alizisukuma picha kando kidogo.

"Maoni," alisema. "Maoni mazuri, binti. Lakini sajini wa kule ameandika kwa mkono wake kwamba ndege zilisukumwa kila siku. Zina magurudumu. Zikisukumwa, alama zipo. Kama picha haizionyeshi, basi picha ni mbovu na hoja yako imekwisha. Ama sajini anadanganya?"

"Hadanganyi," Thirkettle alisema.

Alikuwa amekwisha nyanyuka. Alikwenda kuleta daftari la Feigl, akaliweka kando ya picha, akaweka kidole juu ya ile mistari miwili miwili chini ya magurudumu. Coyle aliitazama mara moja tu na kuziba mdomo wake kwa mkono.

"Walitandika mbao," Thirkettle alisema. "Kila siku. Kisha wakaziokota."

"Mshtakiwa anajitetea kwa mchoro wake mwenyewe," alisema Pym, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Alitazama picha, akatazama dirishani, akatazama tena picha. "Niletee neno la sajini. Limeandikwa, limetiwa sahihi. Bila hilo gari linaondoka saa kumi na mzee wako ndani yake, na mimi sitakuwa na uwezo tena."

"Binti yake alikuwa kwenye chumba cha simu," Coyle alisema. "Inspekta, unajua unakwenda kumwambia nini?"

Thirkettle alikuwa anavaa koti. Alijua, na alitamani kazi hiyo ingemwangukia mtu mwingine yeyote.

Mvua ilikatika njiani. Kwenye geti la Sallow Fen kulikuwa na kibao cheupe, herufi nyeusi zilizochorwa kwa rula: TAFADHALI USIKANYAGE NYASI. Thirkettle alikuwa amekiona mara mbili wiki ile, mara zote mbili akakitii bila kufikiri, maana ni maneno ambayo Mwingereza huyasoma tangu hajajua kusoma. Aliifuata njia ya ukingoni. Nyuma ya kibanda, chini ya turubai, akazikuta mbao. Zilikuwa kama arobaini, zimeoshwa, zimepangwa kwa urefu, kila moja na namba.

Mobbs alikuwa amepiga magoti juu ya kipande cha gunia, akiziba shimo la fuko kwa uma wa mezani. Nyasi zilienea mbele yake, kijani kitupu, hazina doa. Thirkettle hakuwahi kuona kitu kilichotunzwa vile katikati ya vita, na moyo ulimuuma kukiona.

"Ameungama?" Mobbs aliuliza bila kugeuka.

"Hapana. Nieleze habari ya zile mbao."

"Mbao?" Mobbs aliinuka, na uso wake ulilainika kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. "Ndege ni nyepesi, lakini magurudumu yake membamba. Yanakata. Mvua ikinyesha unapata makovu mpaka Krismasi. Nilipofika hapa palikuwa malisho ya ng'ombe, Inspekta. Nikawaambia vijana, tutasukuma kila siku kama tulivyoamriwa, lakini ardhi haina kosa. Wakanuna. Walinuna wiki nzima, kisha wakazoea."

"Uliamriwa utandike?"

"Sikukatazwa."

"Twende ndani, Percy."

Kibandani saa ya ukutani ilikuwa inagonga sawasawa. Ilionyesha saa tisa na dakika tano. Thirkettle aliweka picha mbili mezani, Wexmere kushoto, Sallow Fen kulia, akampa Mobbs kioo cha Coyle. Alikuwa ametunga maneno njia nzima. Sasa aliona hayana kazi, kwa sababu hapakuwa na mtu katika mkoa ule aliyejua kusoma nyasi kumshinda huyu.

Mobbs alianza na Wexmere.

"Aibu," alisema. "Tazama walivyoacha. Utadhani ng'ombe wamelala humo. Niliwahi kumwambia kamanda wao, nikamwambia nipe watu sita na mwezi mmoja..." Akahamia picha ya pili na kwa sekunde chache akaitazama kwa raha isiyofichika. "Kumbe inaonekana hivi kutoka juu. Huoni hata kovu."

"Tazama mishale."

"Naiona. Inaonyesha nini?"

"Niambie wewe."

Mobbs aliinamia kioo. Alifuata mshale wa kwanza kwa ncha ya kidole, kisha wa pili. Kwenye wa tatu kidole kilisita. Alirudi kwenye picha ya Wexmere, akakaa hapo muda mrefu, akarudi tena.

"Pangekuwa na alama hapa," alisema. "Ilipotoka pale, kuja hapa. Na hapa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayehesabu kazi iliyobaki. "Na hapa. Na hapa, ingegeuka kwenye mwinuko." Aliifuata yote tisa. Hakuruka hata mmoja.

Kisha akakiweka kioo chini, sambamba na ukingo wa meza.

"Si mzee wa saa," alisema.

"Si yeye."

"Ivy alikuwa ananicheka," alisema Mobbs. "Alikuja Jumapili moja na keki. Akatuona na mbao zetu. Akasema, 'Baba, Wajerumani wakifika hapa utawavua viatu.'" Alitazama mikono yake. "Mimi nikamkemea. Nikamwambia apite ukingoni."

Thirkettle alitaka kusema kwamba hakuna aliyemkataza, kwamba maafisa waliokuja kukagua wote walisoma kibao na kukitii, kwamba yeye mwenyewe, mpelelezi, alikipita mara mbili. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lingemsaidia mtu aliyeketi mbele yake.

"Siwezi kukulazimisha," alisema badala yake. "Ukisema hukumbuki mbao, hakuna wa kukupinga ila mzee mmoja na daftari lake."

"Na yeye?"

"Watamnyonga kabla ya Krismasi."

Mobbs alivuta kitabu chake cha kila siku, akachana ukurasa kwa rula ili usichanike vibaya, akaandika. Aliandika mistari saba. Aliandika mbao ni ngapi, zilianza kutumika tarehe gani, nani aliyetoa agizo. Kwenye jina la aliyetoa agizo hakusita. Alitia sahihi, akaikausha kwa karatasi ya wino, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Saa yake haijapoteza dakika hata moja," alisema. "Mwambie hivyo. Ni fundi."

Thirkettle alipiga simu Dunmarket, akamsomea Pym ile mistari.

"Soma tena mwanzo," Pym alisema. Akasoma. "Kamanda wake atataka kumshtaki."

"Atamshtaki kwa lipi? Kwa usafi?"

"Na mimi London niwape jina gani?"

"Huna jina, Meja. Mrudishie mzee kamba za viatu vyake."

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Alipokata simu, Mobbs hakuwapo kitini.

Alikuwa nje. Alisimama pale nyasi zilipoanzia, ncha za viatu kwenye mpaka, kofia mkononi. Vijana wake waliokuwa wanamenya viazi mlangoni mwa jiko waliacha visu. Mobbs akavaa kofia, akaingia uwanjani. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ndege ya karibu, akaweka bega chini ya mkia na kuanza kuivuta.

Vijana wawili walikurupuka na mbao.

"Ziacheni," Mobbs alisema.

"Sajini, ardhi imelowa, itakata..."

"Nimesema ziacheni. Zichomeni. Leo zote zinahama, na zinahama hivi."

Magurudumu yalizama. Nyuma yake iliachwa michirizi miwili myeusi, mirefu, yenye matope, ikikatiza kijani kile. Aliivuta peke yake hatua thelathini kabla vijana hawajathubutu kumfuata, na walipokanyaga nyasi walikanyaga kwa ncha za vidole, kama watu walioingia chumba cha maiti. Hapo ndipo Mobbs alipoanza kulia. Hakusimama. Alilia akivuta, akageuza ndege, akarudi nayo juu ya mstari ule ule, kisha akaukata tena kwa kukingama.

Thirkettle alitia ile karatasi mfuko wa ndani na kushika njia ya ukingoni, kuelekea kwenye gari.

"Inspekta."

Mobbs alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imejaa matope hadi viwiko.

"Pitia hapa katikati," alisema.

Thirkettle alisita. Bila kukusudia, mkono wake ulishuka kwenye kamba za viatu, halafu akajishtukia na kuurudisha. Akavuka. Nyasi zilikuwa laini kuliko zulia lolote alilowahi kukanyaga, na kila hatua aliyopiga ilibaki nyuma yake.